Jino la mbele walitaka kuling'oa, nikapasuliwa fizi na likabaki

Hili jino la mbele juu lilishatibiwa mzizi zamani, wakatoa neva, wakasimika kachuma ndani na kofia juu. Kisha fizini kakatokea kakipele, kanapasuka, kanatoa usaha, kanakauka, kanarudi tena, hakaumi sana ila asubuhi mdomo una ladha ya chumvi chumvi. Munganga wa kwanza hapa Bukavu akasema ling'olewe tu. Wapi! Jino la mbele?

Wa pili akapiga radio (picha ya eksirei), akanionyesha doa jeusi kwenye ncha ya mzizi, pale maambukizi yamekula mfupa. Antibiotiki zinatuliza tu, kwa sababu uchafu umejificha ndani ya mzizi ambako dawa haifiki, na ukipitia juu unavunja kofia na kujaribu kung'oa kile kichuma, mzizi unaweza kupasuka. Basi njo tukapitia fizini.

Sindano ya ganzi, fizi ikakatwa ikainuliwa kama pazia, mfupa ukatobolewa kidogo, wakakwangua ule uchafu, wakakata ncha ya mzizi kama milimita 3, tundu lake wakaliziba kwa MTA, simenti ya meno, wakashona. Maumivu hakuna, ni ule mngurumo wa mashine ndani ya kichwa njo mubaya!

Mdomo wa juu ukavimba, nikaweka barafu, nikasukutua klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu mdomoni, nikaishi kwa uji. Nyuzi zilishatoka, kipele hakikurudi. Mfupa unajaa polepole, miezi mingi, kwa hiyo radio ya kuchunguza ni lazima. Ila kama mzizi umepasuka kwa urefu, usilipie hii operesheni, hilo jino linang'olewa.