Ukichoka Uniambie

Kuna neno niliambiwa Jumatatu na mpaka leo halijanitoka. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimepiga pasi nikiwa nalo. Aliyeniambia wala hana habari. Yeye alishamaliza.

Ilikuwa asubuhi ya kliniki. Asubuhi zetu mnazijua: mke wangu ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaokakamaza mwili na kuutetemesha, na dozi ya kwanza anaimeza akiwa bado kitandani, halafu tunasubiri mwili uamke. Siku nyingine unaamka upesi, siku nyingine unagoma. Siku hiyo uligoma. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akifunga blauzi ya bluu, ile yenye vifungo vidogo ambavyo binti yetu mkubwa alitaka kuviondoa ashonee vya kunata, akakataliwa katakata. Kifungo cha kwanza kilipita. Cha pili kilifika kwenye tundu, ukingo wake ukaingia, kidole gumba kikasukuma, kikachomoka. Akaanza upya. Kikaingia nusu, kikachomoka tena. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, viatu vyake mkononi. Sikugusa kifungo, maana tulishakubaliana kwamba siingilii mpaka aombe. Sikusema kitu. Bila kuinua kichwa akasema:

"Ukichoka uniambie. Usinionyeshe."

Nikasema, "Sijachoka."

"Haya," akasema, akaendelea na kifungo chake.

Basi, hakuna zaidi ya hapo. Tulikwenda kliniki, daktari akazisogeza saa za dawa na kuongeza nusu kidonge jioni. Kesho yake mwanetu wa kati akapiga simu kwamba mkewe amejifungua salama, mtoto wa kike, tukalia wote wawili kwa furaha. Lakini nikibaki peke yangu, ninachosikia ni hilo la kutoonyesha.

Nilionyesha nini? Nilitazama saa, hilo nalikumbuka. Lakini saa naitazama kutwa, ndiyo kazi yangu siku hizi. Levodopa, dawa yake, haina subira. Ukiimeza pamoja na chakula chenye protini nyingi, protini na dawa vinagombea mlango mmoja wa kutokea kwenye utumbo, kisha vinagombea tena mlango wa kuingilia kwenye ubongo. Dawa ikishindwa, yeye anabaki amekakamaa kwenye kiti. Ndiyo maana tunameza nusu saa kabla ya kula, au tunasubiri saa nzima baada ya kula. Kwa hiyo kama nilitazama saa, niliitazama kwa ajili yake. Labda nilishusha pumzi. Labda nilihamisha uzito mguu huu kwenda ule, kwa sababu goti la kulia linaniuma nikisimama. Yote hayo nimemweleza kichwani mwangu, mara kwa upole, mara kwa kulalamika, na kila mara ananijibu vilevile: haya. Anakubali au anakataa, sijui. Anarudi kwenye kifungo.

Niliona nimeonewa, niseme wazi. Ugonjwa huu umeukaza uso wake. Hapepesi macho kama zamani, na tabasamu linachukua muda mrefu kufika, likifika. Wageni wanadhani amenuna. Juzijuzi shemeji yangu alinivuta pembeni kuniuliza amemkosea nini dada yake. Nikamwambia amefurahi sana kukuona, ni uso tu haumfuati. Nimeshawaambia watu wengi maneno hayo, mlangoni, kwenye simu, hata kwa muuguzi mmoja aliyemwuliza kwa ukali kwa nini hajibu. Kutwa nawaomba watu wasimpime mke wangu kwa uso wake. Halafu yeye ananipima mimi kwa uso wangu! Nilikwenda na uchungu huo mpaka Jumatano.

Jumatano ndipo mambo yalipogeuka, na yaligeukia koridoni. Mnakumbuka zile tepu nyeupe nilizobandika sakafuni, moja kila hatua moja yake. Mpima ardhi hastaafu kabisa; nilipima hatua zake za siku nzuri, nikachora kwa chaki kwanza, ndipo nikabandika. Miguu yake ikiganda, na huganda zaidi anapokaribia mlango, haiwezi kusogea hata akiiamuru, ila akipewa mstari wa kuvuka inavuka. Ubongo uliopoteza mwendo wa mazoea hutumia macho kuupata mwendo mwingine. Mpaka leo nikimwona anavuka ule mstari wa kwanza baada ya kusimama kama kigingi, moyo wangu unaruka.

Sasa Jumatano aliganda kwenye mlango wa jikoni, tepu ya mwisho iko mbele ya vidole vyake. Mimi nilikuwa nyuma yake, mkono karibu na kiuno bila kumgusa, nikihesabu kwa sauti ya chini kama tulivyofundishwa. Shingo yake haigeuki vizuri tena, kwa hiyo hakuwa na namna ya kuniona. Akasema:

"Goti leo limekuzidi."

Nikamwuliza amejuaje. Akasema anasikia mguu wa kulia unavyotua. Kisha akavuka mstari, akaingia jikoni.

Nilibaki pale koridoni. Nimesoma mengi kuhusu ugonjwa huu tangu alipopimwa, na ninachokipenda zaidi ni habari za James Parkinson mwenyewe, yule daktari wa London aliyeandika kuuhusu mwaka 1817. Alieleza habari za watu 6 tu, na baadhi yao hakuwahi kuwatibu, aliwaona barabarani wakipita. Aliwatambua kwa mwendo wao, mwili umeinamia mbele, hatua fupi za haraka. Siku zote nilimsoma hivyo, kama habari ya mtu mwenye afya anayemtazama mgonjwa. Haikunijia hata mara moja kwamba mgonjwa naye anatazama. Mke wangu ameketi kwenye kile kiti cha dirishani saa nyingi kwa siku, na muda wote huo ananisoma. Anajua mguu wangu unavyotua. Anajua nikivuta pumzi vipi.

Watoto wakipiga simu wanauliza, "Mama anaendeleaje?" Ni haki yao, na mimi ndivyo ninavyotaka waulize. Nawajibu kwa kirefu, dozi, usingizi, choo, mazoezi ya sauti. Mwishoni wanasema, "Na wewe baba, jitunze," nasema sawa. Katika nyumba hii yuko mtu mmoja tu ambaye kazi yake ni kunitazama mimi, na anaifanya tangu tulipooana, na mikono kutetemeka hakujamwachisha. Nilipolielewa hilo uchungu wangu uliondoka wote. Nilijisikia mwenye bahati, na bado najisikia hivyo ninapoandika.

Alhamisi usiku nilikuwa nimechoka kweli. Tulikuwa tumelala vibaya, alipiga kelele ndotoni na kurusha mikono, mnajua zile ndoto zake. Baada ya chakula cha jioni nikamwambia, "Leo nimechoka." Nilisema hivyohivyo, bila maelezo.

Akasema, "Kalale. Dawa ya saa mbili nitakuamsha."

Nilitaka kubisha, kengele ya simu ipo, nikanyamaza. Nikalala na nguo zangu. Kilichoniamsha ni sauti yake kutoka sebuleni, "Baba! Saa mbili!", sauti nene, ile ya kuita watoto waje ndani enzi zile. Wanaofuata habari zetu wanajua mtaalamu wa sauti anamfanyisha mazoezi ya kusema kwa nguvu, maana ugonjwa huu unaipunguza sauti mpaka inakuwa mnong'ono huku mwenyewe akidhani anaongea kawaida. Wiki nyingi nilikuwa naona mazoezi hayayafiki mazungumzo ya nyumbani. Alhamisi yalifika, kutoka sebuleni mpaka chumbani, mlango ukiwa umerudishwa. Nilimkuta ameshika kikopo cha vidonge kwenye mapaja, kifuniko hajaweza kukizungusha, maji ameshayasogeza karibu. Nikafungua, akameza.

"Umepumzika?" akauliza.

"Nimepumzika."

Ijumaa alifunga vifungo vyote vya blauzi ya bluu, kikabaki cha juu, akaniomba.

Kinachoninyima amani sasa ni nyuki. Wameanza kuingia kwenye upenyo wa dari upande wa nyuma, wachache mwanzoni, leo mchana wametanda pale ukutani. Mjukuu wetu wa kwanza anakuja likizo mwisho wa mwezi, na mwaka jana nyuki mmoja tu alimvimbisha uso mzima mpaka macho yakafunga. Sitaki kuwapulizia sumu. Nimewapigia watu wawili wanaohamisha mizinga, mmoja hapokei, mwingine amesema atakuja akipata nafasi.