Nimerudishwa kwenye kitochi

Simu yangu iko kwa fundi, kioo kimegoma kuwaka. Kaniazima kitochi cha batani, nikahamisha laini, maisha yanaendelea.

Yanaendelea kwa taabu!

Majina yote yalikuwa kwenye simu, si kwenye laini, kwa hiyo leo kila anayepiga ni namba tupu. Mchana kuna mtu kanipigia. Tumesalimiana, tumecheka, tumeulizana habari za nyumbani, mpaka anakata sijamjua ni nani. Kumuuliza niliona haya. Kama ni wewe, jitokeze.

Ila kasheshe hasa ni meseji.

S iko kwenye namba 7, nyuma ya P, Q na R. S moja, unabonyeza mara nne. Ukipitiliza inakuja 7 yenyewe, unafuta, unaanza upya. Sasa mtu kaniuliza "mambo vipi", nami nataka kumjibu "safi sana, asante sana". Hesabu hizo S mwenyewe.

Halafu jaribu "mno". M, N na O zote zimekaa kwenye 6, kila herufi usubiri mshale usogee kwanza. Kidole gumba kinawaka moto.

Nimejibu "poa".

(Chaji lakini, acha kabisa! Tangu asubuhi hakijashuka hata kijiti kimoja.)

Hapa naandikia kompyuta. Nitumieni meseji, na majina muweke tafadhali.

Na nyie mliotongozana kwa batani, meseji moja herufi 160 tu, mlikuwa mnawezaje?