Nilivyowavusha kidato cha nne kwenye hesabu, na furaha niliyoipata mkeka, yaani matokeo, ulipotoka

Walimu wa hesabu mnaofundisha shule za kata mtanielewa haraka, wengine naomba mnivumilie niwaeleze. Hili ndo somo ambalo miaka nenda rudi linashika mkia kwenye matokeo ya kidato cha nne, mwaka 2022 kwa mfano waliofaulu hesabu nchi nzima walikuwa kama asilimia 20 hivi, yaani chukua watoto watano, wanne wana F. Na hapo umechanganya na shule za vipaji maalumu na zile za binafsi zenye kila kitu. Sisi huku mkoa wa Lindi, shule ya kata, mwalimu wa hesabu ni mimi peke yangu kuanzia form one mpaka form four, waliokuwa wanafaulu somo langu walikuwa wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vinabaki.

Nataka nisimulie tulivyofanya mpaka tukatoka hapo, na furaha yenyewe pia nataka niiseme, maana nikiwaambia watu ambao sio walimu wananiangalia tu wanasema aah hongera, basi yameisha.

Darasa lenyewe nilianza nalo mpango huu wakiwa kidato cha tatu. Walikuwa watoto wazuri sana, wasikivu, ila kwenye hesabu walishajikatia tamaa kitambo. Ukimuuliza mtu anakujibu kwa upole kabisa, "Madam, mimi hesabu sina kichwa chake." Kwenye mitihani ya ndani mtu anaandika jina na tarehe vizuri kwa mstari, alafu analaza kichwa kwenye dawati mpaka muda uishe. Hicho kilikuwa kinaniuma kuliko F yenyewe, kwa sababu F ya mtu aliyejaribu unaweza kuifanyia kazi, ya aliyelala unaanzia wapi?

Siku moja nikaingia sikufundisha topiki yoyote. Nikachora ubaoni mtihani wenyewe ulivyo: sekshen A maswali 10, kila moja maksi 6, jumla 60. Sekshen B maswali manne, kila moja maksi 10, jumla 40. Pembeni nikaandika D, ambayo ndo unahesabika umefaulu, inaanzia 30, C inaanzia 45, B 65, A 75. Mnaweza msiamini lakini zaidi ya nusu ya darasa walikuwa hawajui kwamba D ni maksi 30 tu, wao walikuwa wanaona hesabu ni kitu cha kupata yote au kukosa yote. Nikawaambia tuchague maswali ambayo kila mmoja wetu hapa anaweza kuyamiliki kama jembe lake. Tukachagua seti, uwiano, faida na hasara, na mfuatano wa namba, hayo yote yapo sekshen A, manne mara 6 unapata 24. Kwenye B tukachukua takwimu 10 na matriksi 10. Nikajumlisha ubaoni, 44.

Kukawa kimya, alafu kijana mmoja wa dawati la nyuma kabisa, ambaye sikumbuki kama alishawahi kunyoosha mkono kipindi changu, akasimama akasema, "Madam, sasa hiyo si imebaki moja tu tupate C?"

Darasa lililipuka! Watu wakaanza kutajiana pale pale hiyo maksi moja wataitoa wapi, mwingine anasema kwenye Pythagoras, mwingine anasema mimi naitoa kwenye logarithimu. Mimi nimesimama na chaki mkononi nawaangalia tu. Kwangu kazi ilianzia hapo.

Kuna watakaosema huko ni kufundisha mtihani sio kufundisha hesabu. Nimelisikia hilo sana na silikubali. Silabasi niliimaliza yote, hakuna topiki niliyoiruka, ila mtoto aliyekata tamaa ukimwambia ajifunze vyote kwa mara moja humpati, mpe sehemu ya kusimama kwanza. Wengi walipoziweza zile sita walianza kunifuata wenyewe ofisini wanataka trigonometria.

Sasa kufundisha kwenyewe. Nilikusanya mitihani ya nyuma nikaipanga kwa topiki badala ya kwa mwaka, nikayaandika maswali kwa mkono kwenye kaunta buku, ndo ikawa biblia yetu ya jioni. Kila topiki ikawa na wenyewe wawili watatu darasani, yaani huyu ndo mtu wa seti, huyu mtu wa matriksi, ukikwama unaenda kwao kwanza kabla hujaja kwangu, na wao wanaelekezana kwa Kiswahili chao cha kawaida alafu wanarudi kuandika kwa Kingereza kama mtihani unavyotaka. Kitu kingine nilichokazania mpaka wakanichoka ni stepu. Mtihani hauruhusu kikokotoo na maksi zipo kwenye njia, sio jibu peke yake, kwa hiyo hata jibu ukilikosa mwishoni andika stepu zako zote zionekane, usifute, usiruke.

Kuna kipindi cha faida na hasara sitakisahau. Swali lilikuwa mfanyabiashara kanunua mzigo kwa shilingi 40,000 kauza kwa 50,000, tafuta asilimia ya faida. Karibu wote wakagawa kwa 50,000 wakapata 20. Nikajaribu kuwaeleza kwa fomula haikuingia. Binti mmoja mpole sana, mtoto wa mkulima wa korosho, akasema taratibu, "Madam, huyu si kama wale wa kangomba? Hela iliyotoka mfukoni kwake ni 40,000, basi faida tunaipima na hiyo aliyotoa." Kwa wasiojua, kangomba ni wale wanaopita vijijini kununua korosho za wakulima kwa bei ya kutupa wakati mnada bado. Hawa watoto kangomba wanaijua, imewaumiza nyumbani kwao. Kuanzia hapo maswali yote ya faida na hasara tukawa tunayasoma kwa jicho la kangomba, na hakuna tena aliyegawa kwa hela ya kuuzia. 25 kwa mia, kila mtu.

Huyo huyo binti ndo nilikaribia kumkosa. Mtihani wa taifa ni Novemba, na huku kwetu Oktoba, Novemba korosho ndo zinaanguka, kila mkono nyumbani unatakiwa shambani. Tuliomba kuweka kambi, mkuu wa shule akaita wazazi, wakakubaliana kuchangia mahindi na maharage, wasichana wakawa wanalala darasa moja na mwalimu wa kike, wavulana lingine, tukawa na taa za sola. Yeye hakutokea. Nikapanda bodaboda nikaenda kwao, nikamkuta mzee yuko chini ya mikorosho na gunia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwalimu. Najua ulichofuata. Lakini korosho haisubiri."

Nikamwambia baba, korosho haisubiri kweli, ila minada ipo mingi mpaka mwakani, mtihani ukipita umepita. Hakunijibu. Nikakaa chini nikaanza kuokota na mimi, tukaokota pamoja tukawa tunaongea mambo mengine kabisa, mvua, bei, watoto. Wakati naaga akasema, "Jumamosi na Jumapili atakuja kunisaidia. Siku zingine mchukue." Kesho yake jioni binti alifika kambini na mkeka na ndoo yake.

Mtihani wa hesabu walipotoka mimi nilikuwa nimesimama mbali, hairuhusiwi kusogea sogea, nikaona wanatoka wanaongea. Miaka ya nyuma walikuwa wanatoka kimya. Kijana wa dawati la nyuma akaninyooshea vidole vinne juu, alafu tena vinne. Nilijua anamaanisha 44. Nilienda nyuma ya ofisi nikalia kidogo, sioni aibu kusema.

Matokeo yalitoka mwishoni mwa Januari. Siku hizi NECTA, baraza la mitihani, haiweki majina, ni namba ya mtahiniwa, jinsia, pointi, divisheni na masomo yake, kwa hiyo nilikuwa nimeandika namba zote na majina kwenye karatasi naitembeza kwenye pochi wiki nzima. Simu ikaanza kuita, mkeka umetoka! Mtandao umejaa, ukurasa unafunguka nusu unagoma, nikatoka nje kwenye mnara unaposhika vizuri, jua la saa nane. Ulipofunguka sikuangalia divisheni wala nini, macho yangu yalikuwa yanatafuta neno moja tu kwenye kila mstari, B/MATH. Wa kwanza D. Wa pili F. Wa tatu D. Wa nne C. Nikaanza kutetemeka nikawa natumia karatasi kuziba mistari mingine nisichanganye. Kijana wa dawati la nyuma, C. Jamani, C! Alipata wapi ile maksi ya 45 sijui mpaka leo na sitajua. Nikashuka taratibu mpaka kwenye namba ya yule binti, nikaangalia mara ya kwanza, nikaangalia tena, nikampa mume wangu simu nikamwambia nisomee hapa, akasoma, "B/MATH, B."

Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna posa. Zaidi ya nusu ya darasa walikuwa wamefaulu hesabu. Zaidi ya nusu! Mkuu wa shule alinipigia akawa anaongea haeleweki, anarudia tu, "Madam, umeona? Umeona?" Jioni ile nilipiga simu mpaka salio likaisha, na ambao kwao hakuna simu niliwafuata. Mzee wa korosho nilimkuta kakaa nje, nikamuonyesha herufi kwenye simu, akaniuliza, "Hiyo ndo nzuri?" Nikamwambia baba ni nzuri mno, darasa zima hakuna aliyempita. Akanyamaza, alafu akaita kwa sauti mpaka nyumba ya tatu, "Njooni! Njooni mumsikie mwalimu!" Nikasimulia upya, wakaja wengine, nikasimulia tena, na kila nikisimulia yeye anatingisha kichwa kama anasikia mara ya kwanza.

Na zile D. Mtu asiniambie D sio ufaulu. Mtoto aliyekuwa analaza kichwa kwenye dawati akatoka na D ya hesabu aliyoitafuta kwa mikono yake, mimi namheshimu sawa na mwenye A wa shule kubwa, na kuna kozi za vyuo zinazotaka hiyo D ya hesabu, ukiwa na F hata fomu hujazi.

Uchaguzi wa kidato cha tano ulipotoka binti alipangiwa EGM (uchumi, jiografia na hesabu), kijana naye akapata nafasi ya PCM (fizikia, kemia na hesabu). Kidato cha tatu nilionao sasa wamebandika hesabu yao wenyewe ukutani, wameongeza trigonometria na coordinate geometry, wanasema 44 ni ya kaka zao, wao wanataka zaidi ya hapo. Walimu wanaohitaji yale maswali niliyoyapanga kwa topiki, yapo kwenye kaunta buku kwa mwandiko wangu, likizo ya Juni nikitulia nitayapiga picha yote niwatumie.