Siku moja maishani mwangu: kuandaa chumba cha mtandao juu ya mawe ya volkeno, Goma

Saa 1:00 asubuhi

Kazi ya leo iko Himbi, karibu na ziwa, kwenye jengo la mawe la kituo cha afya. Chumba cha chini, mita 3 kwa 2.5, kitabeba raki ya U 42 (kabati la chuma lenye nafasi 42 za vifaa) yenye ruta, swichi mbili za mtandao na UPS, yaani betri ya akiba. Masanduku ya vifaa yamefungiwa ofisini kwa mkurugenzi na hayatoki huko mpaka chumba kiwe tayari. Swichi ikiwashwa kwenye chumba ambacho bado kinatobolewa ukuta, feni zake huvuta vumbi jeusi la lava, na vumbi hilo ni kali kama msasa. Likilowa unyevu, hupitisha umeme.

Imebaki mita kama 10 tu kumaliza mtaro unaozunguka jengo, wa waya wa ardhi, yaani waya wa shaba unaopeleka umeme wa radi na wa hitilafu udongoni. Hapo ndipo penye udongo mzuri, kwa sababu ni bondeni na mvua imekuwa ikiusukuma huko miaka mingi. Lakini bondeni ndiko mazuku hutuama. Gesi hiyo ya kaboni dayoksaidi ina uzito kama mara moja na nusu ya hewa. Usiku usio na upepo hujaa mashimoni, na alfajiri ndiyo saa yake mbaya kuliko zote. Kwa hiyo mahali panapofaa zaidi kwa shaba ndipo panapomfaa mtu kidogo zaidi, na kila anayechimba upande huu wa mji lazima alijue hilo.

Kijana wa mtaimbo ameshawasha mshumaa na kuushusha kwa kamba.

"Papa, haujazimika. Nishuke?"

"Hapana, mwanangu. Ngoja kipimo."

Mshumaa unaweza kuendelea kuwaka wakati gesi imeshafika kiwango cha kumlevya mtu. Kipimo cha gesi kinashushwa hadi sakafu ya mtaro na kuachwa dakika tano. Kikizidi asilimia 0.5, hakuna anayeinama humo. Leo kinasoma 1.8. Tunasubiri jua lipande na upepo wa ziwa uanze, kisha tunapima tena.

Saa 2:30

Gesi imeshuka chini ya 0.5. Kazi inaanza, mmoja akiwa juu muda wote, kipimo kikiwa kimewashwa.

Kwingineko fundi hugongelea fimbo ya shaba ya mita 1.5 na kumaliza kwa nusu saa. Hapa fimbo husimama kwenye sentimita 40, na ukizidi kuipiga unapinda kichwa chake tu. Lava ngumu haipitishi umeme vizuri, na ile yenye matundu haishiki maji. Ndiyo maana tumechagua pete: waya mtupu wa shaba wa milimita za mraba 50, mita 64, umbali wa mita 1 kutoka ukutani na kina cha sentimita 50. Mwamba ulipokataa kabisa tumekubali sentimita 30 na kufunika kwa zege.

Chini ya waya unawekwa kwanza udongo wa mfinyanzi, halafu bentoniti (udongo unaovimba na kushika maji) iliyokorogwa kwa maji, sentimita 5 chini na 10 juu. Mfinyanzi usipotangulia, bentoniti huchuruzika kwenye matundu ya mawe, na mvua ya kwanza huacha waya ukining'inia mtupu. Kuhusu chumvi na makaa, ambavyo mafundi wengi bado wanavipenda: kipimo hushuka vizuri kwa miezi michache, kisha mvua huiosha chumvi, na shaba inakuwa imeshaliwa. Visitumike.

Pete imefungwa. Sasa kupima jinsi inavyopitisha umeme ardhini, kwa kipimo chenye vigingi viwili. Kigingi cha mkondo kinakwenda mita 120 kutoka kwenye pete, na cha volti kwenye asilimia 62 ya umbali huo, yaani mita 74.4. Vigingi havizami kwenye mwamba, kwa hiyo tunalaza vipande vya bati juu ya matambara yaliyolowa na kuvikandamiza kwa mawe. Usomaji: omu 19 (omu hupima ukinzani, ndogo ndiyo bora). Kigingi cha volti kikisogezwa mita 12 mbele, omu 19.4, mita 12 nyuma, 18.7. Tofauti ni ndogo, kipimo kinaaminika. Kama namba zingeruka kutoka 12 hadi 30, ingekuwa ishara kwamba kigingi cha mkondo kiko karibu mno.

Je, 19 inatosha? Mwongozo wa kinga ya radi hupendekeza chini ya 10, na mikataba mingi ya mawasiliano huandika 5. Juu ya lava, kuifukuza 5 hiyo kunaweza kula bajeti yote ya vifaa. Msimamo wangu ni kwamba hapa kilicho muhimu zaidi ni kila chuma cha jengo kufungwa kwenye pete moja: raki, mlingoti wa antena, kinga ya radi ya paa, bomba la chuma la maji, waya wa kubebea faiba (kebo ya mtandao), mwili wa jenereta. Radi ikipiga, vyote vinapanda volti pamoja na kushuka pamoja. Kinachochoma vifaa ni tofauti ya volti kati ya ardhi mbili zisizounganishwa. Na radi za Kivu hazina mchezo: Kabare, upande wa pili wa ziwa, imo kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani.

Saa 4:30

Umeme. Multimita, kipimo cha umeme, kwenye soketi iliyokuwepo: fazi (waya wa moto) na nyutro volti 208, fazi na ardhi 97, nyutro na ardhi 110. Namba mbili za mwisho zikigawana ya kwanza hivi, ujue tundu la ardhi halijaungwa popote. Jengo lote lilijengwa hivyo. Tunavuta waya wa kijani na njano wa milimita za mraba 16 kutoka kwenye pete hadi baa ya shaba ukutani, na kutoka hapo hadi kwenye bodi ya umeme na raki. Baada ya hapo: 208, 207, na nyutro na ardhi 1.2. Chini ya 2 ni sawa.

Chumba kinapata laini yake peke yake: kebo ya nyaya tatu za milimita za mraba 2.5, breka ya ampea 16, bila friji ya chanjo wala pasi juu yake. Kwenye bodi tunafunga parafudri, kifaa cha kupeleka msukumo wa radi ardhini. Nyaya zake mbili kwa jumla zisizidi sentimita 50, kwa sababu kila mita ya waya inaweza kuongeza volti kama 1,000 pale msukumo wa radi unapopita. Parafudri nzuri iliyofungwa kwa waya mrefu uliozungushwa kwa unadhifu ni hasara tupu.

Saa 6:30 mchana

Bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani.

Saa 7:15

Sakafu. Zege la sentimita 12 lenye wavu wa chuma lilimwagwa mapema, kwa sababu bolti iliyotobolewa moja kwa moja kwenye lava hukuta pango na kuzunguka bure. Bolti nne za M12 zinawekwa kwa gundi ya kemikali. Raki lazima ishikwe chini na juu: mitetemeko iliyofuata mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 2021 ilipasua kuta nyingi mjini.

Kabla ya kuileta raki, pima dari. Raki ya urefu wa mita 2 na kina cha sentimita 80 ikiingizwa imelala, inapoinuliwa kona yake hufika mita 2.15. Dari ya mita 2.10 inakukwamisha ukiwa tayari ndani. Hii ni 2.45. Mbele ibaki mita 1, nyuma angalau sentimita 75, la sivyo hakuna atakayeweza kufanya kazi nyuma ya raki.

Saa 8:40

Mvua, na ndiyo mkaguzi bora. Bomba la milimita 110 linaloleta faiba limeanza kudondosha maji ndani: mteremko wake unaelekea chumbani. Linageuzwa litelemke nje, kebo inapigwa tumbo kabla ya kuingia (inaachwa ining'inie ili maji yadondokee nje), na mdomo unazibwa kwa povu na silikoni. Kona moja ya bati imetoboka. Hewa yenye salfa ya volkeno hula mabati haraka. Bati hilo linabadilishwa kesho. Kupaka lami juu yake hakutoshi.

Saa 9:45

Ukuta umepigwa lipu laini na rangi ya mafuta, sakafu rangi ya epoksi, mlango mpira na brashi chini. Kisha joto: vifaa vitatumia wati 900, ambazo ni BTU (kipimo cha joto) kama 3,070 kwa saa. Umeme unaokwenda kwenye kamera kupitia kebo za mtandao uhesabu kando, sehemu yake kubwa inageuka joto huko kwenye kamera. Kiyoyozi cha BTU 9,000 kinatosha na ziada. Lengo ni nyuzi 18 hadi 27.

Mama mhudumu anauliza kama ndoo za usafi zinaweza kukaa nyuma ya mlango. "Samahani, mama, humu maji hayaingii hata ya kupigia deki. Tutakutafutia pembe nyingine."

Saa 11:00 jioni

Karatasi ya makabidhiano inaandikwa papo hapo: omu 19 msimu wa mvua, ipimwe tena Julai udongo ukiwa mkavu, na ikizidi 30 tawi la pili la pete lichimbwe upande wa bustani. Kizima-moto ni cha gesi, kisiwe cha unga, maana unga hula saketi. Bati la kona kesho asubuhi, gundi ya bolti ikauke usiku kucha, raki iingie keshokutwa, na masanduku yafunguliwe baada ya sakafu kufutwa kwa kitambaa kibichi mara mbili.