Transista ya nili: kazi ngumu haiko kwenye rangi

Nili, buluu ileile ya suruali za jinzi, ni semikondakta, yaani kitu ambacho upitishaji wake wa umeme unaweza kudhibitiwa. Mwaka 2012 watafiti wa Linz, Austria, walionyesha transista zake, yaani swichi ndogo za umeme, zikibeba elektroni na matundu pia (nafasi zilizokosa elektroni, zinazotembea kama chaji chanya), uhamaji wa chaji, yaani wepesi wake wa kusogea, ukiwa takriban 0.01 cm²/Vs. Kwa silikoni hiyo ni kasi ya konokono. Sifa yake ni kwamba nili haiogopi hewa, ilhali semikondakta nyingi za kikaboni zinazobeba elektroni huharibiwa na oksijeni na unyevu.

Wanaoanza huhangaika na rangi, kumbe kinachoua transista ni tabaka lililo chini yake.

Geti, sehemu inayoiwasha na kuizima transista, ni utando wa alumini juu ya kioo. Uchovye kwenye maji yenye asidi ya sitriki, gramu 2 hivi kwa lita, uunganishe na upande chanya, kisha pandisha umeme taratibu hadi volti 30. Kila volti hujenga nanomita moja na nusu hivi ya oksidi, tabaka lisilopitisha umeme, kwa hiyo utapata kama nanomita 45. Mkondo ukigoma kushuka, pana vumbi au mkwaruzo: kipande hicho kitavuja, kitupe.

Usiweke nili moja kwa moja juu ya oksidi. Uso wake umejaa vikundi vya OH (oksijeni na hidrojeni) vinavyonasa elektroni. Matundu yatapita, elektroni zitakwama. Tanguliza nanomita 30 hivi za tetratetrakontani, nta yenye kaboni 44. Juu yake molekuli za nili husimama wima, ubavu kwa ubavu, na mkondo hupita kwa kukata safu hizo. Nta hii huyeyuka kwenye digrii 86 hivi, basi sahau kupasha kifaa joto kali baadaye ili kukiboresha.

Nili ya shambani, kama ya Indigofera arrecta inayoota hata kwetu Afrika Mashariki, haifai ikiwa mbichi. Ina chokaa, mabaki ya majani na indirubini nyekundu. Ioshe kwa asidi hafifu ya hidrokloriki mpaka mapovu yaishe, isuuze, ikauke kabisa. Kwa kuwa haiyeyuki katika maji wala spiriti, isafishe kwa kuigeuza mvuke kwenye bomba la ombwe, lililonyonywa hewa, upande mmoja ukiwa na joto kuliko mwingine, na urudie mara ya pili. Ikiwa na unyevu, au ukipandisha joto kwa pupa, unga utarukaruka na uchafu utasafiri pamoja na rangi.

Nili, nta, hata shelaki ya maseremala ukiitumia badala ya kioo, ni vitu vya asili. Lakini elektrodi za dhahabu, zinazoingiza na kutoa mkondo kwenye nili, haziozi, na pampu ya ombwe inakula umeme; wanaosifia "elektroniki inayooza" hukaa kimya hapo.

Kwenye vipimo, anza na mkondo unaovuja getini. Mkondo huo ukikaribia ukubwa wa mkondo mkuu unaopita kwenye nili, uhamaji wowote utakaoukokotoa ni namba za uongo.