Siku moja maishani mwangu: kuipima miksa ya maikrowevu

Saa 2 asubuhi nawasha vifaa vya kupimia miksa, yaani kifaa kinachobadilisha masafa ya ishara za redio za maikrowevu, na kuviacha vipate joto. Huku nakaza viunganishi vya kebo kwa spana ya toki, inayokaza kwa nguvu iliyopangwa. Kimoja kikilegea, vipimo vya siku nzima vimeharibika.

Saa 3. Miksa ya leo ina diodi 4 (vijisehemu vinavyopitisha umeme upande mmoja) zilizopangwa kama pete. Inapokea ishara ya gigahezi 10, inaichanganya na ya gigahezi 9 kutoka kwa osileta, kifaa kinachozalisha ishara ya masafa thabiti, na kutoa tofauti yao: gigahezi 1. Osileta ikiwa dBm 13 (dBm ni nguvu katika desibeli, ikilinganishwa na miliwati 1), upotevu wa ubadilishaji, yaani ishara inavyodhoofika ikibadilishwa masafa, ni desibeli 7. Nikiishusha hadi dBm 7, upotevu unapanda hadi 9, maana diodi hazifunguki vizuri. Ndiyo sababu siikubali ripoti inayotaja upotevu bila kutaja nguvu ya osileta.

Saa 5, utengano: miksa inavyozuia ishara kuvuja kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Kwenye mlango wa kutokea, mvujo wa osileta ni dBm -12, yaani desibeli 25 chini ya ilivyoingia. Inaonekana ni nzuri, lakini ishara ninayoitaka ina dBm -17 tu! Bila kichujio, mvujo huo utaielemea amplifaya inayofuata.

Saa 8 mchana nafika kwenye kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Naingiza ishara mbili zilizoachana megahezi 1, kila moja dBm -10, na kutafuta vizalia vya daraja la tatu pembeni mwake, yaani ishara zisizotakiwa zinazozaliwa hizo mbili zikichanganyika ndani ya miksa. Viko desibeli 42 chini. Nusu ya tofauti hiyo ni 21. Nikijumlisha na -10, IP3 ya kuingilia (kipimo cha miksa inavyostahimili ishara kali bila kuzaa vizalia hivyo) ni dBm 11. Ni ndogo mno kwa miksa hii. Nahangaika karibu saa nzima kabla ya kukitazama kichujio nilichokifunga moja kwa moja kwenye mlango wa kutokea. Kinapitisha gigahezi 1, lakini jumla ya masafa, gigahezi 19, inaakisiwa nacho, inairudia miksa na kuchanganywa upya. Naweka kipunguza nguvu cha desibeli 6 katikati. Vizalia vinashuka hadi desibeli 50 chini, na IP3 inapanda hadi dBm 15.

Saa 10, kelele: kiasi ambacho miksa inaichafua ishara kwa kelele. Bila kuchuja gigahezi 8, ambayo nayo hubadilika kuwa gigahezi 1, kipimo husomeka desibeli 3 pungufu. Naweka kichujio, narudia, naandika: desibeli 7.2, karibu sawa na upotevu.

Saa 11 nazima osileta. Kesho narudia vyote kwenye joto la nyuzi 85.