Buti Langu Haleakalā

Mlima wa kupandwa kwa gari! Nilicheka njia nzima tukikata kona kuelekea kilele cha Haleakalā, kisiwani Maui, katika visiwa vya Hawaii, Julai 2018. Mimi niliyekuwa mgumu, yaani mpagazi wa Kilimanjaro, njia ya Marangu miaka sita, mzigo kichwani, leo nimeketi kiti cha mbele na chupa ya chai mapajani. Kilele chenyewe mita 3,055. Kambi ya Horombo, wageni wanapolala usiku wa pili, ni juu kuliko hapo.

Mpwa wangu, aliyekuwa akisomea mimea Honolulu, aliniacha nijitape. Alitaka nione mmea uitwao ʻāhinahina.

“Mjomba, ni ukoo wa alizeti, kama yale masenesio yenu, mimea mikubwa ya Kilimanjaro. Dunia nzima jenasi yake, yaani kundi la jamaa zake wa karibu, iko Maui na kisiwa jirani cha Hawaii tu.”

Tuliteremka kwa miguu, changarawe za volkano tupu, hata jani hakuna. Ghafla nikauona: fundo la majani membamba ya rangi ya fedha, kama nungu aliyejikunyata. Kila jani limevikwa vinyweleo laini vya kuzuia jua kali na ukavu. Hatua chache mbele, mwenzake alikuwa amechanua. Mlingoti wa maua ya damu ya mzee ulinipita kimo, nyuki wakivuma. Mpwa wangu akasema mmea huo hungoja miaka ishirini, hamsini, hata zaidi, uchanue mara moja, kisha ufe.

Nikatoa simu, nikapiga hatua mbili nje ya njia.

“Mjomba! Rudi njiani, sasa hivi!”

Tangu nimbebe mgongoni hajawahi kunipandishia sauti. Mizizi, alinieleza akitetemeka, hutambaa juu juu kwenye changarawe, na mguu mmoja huiponda. Zamani mbuzi na ng'ombe waliila mimea hii, na watalii wakaing'oa waibingirishe mteremkoni kwa mchezo. Kufikia miaka ya 1920, mimea hii ilikaribia kutoweka.

Nilinyamaza. Horombo mimi ndiye niliyekuwa nikiwafokea wageni, kwa Kiingereza cha kuokoteza, wanapochuna majani makavu ya senesio, yale yanayolifunika shina kama blanketi usiku wa barafu.

“Samahani, mama,” nikamwambia.

Hakujibu. Alikuwa akitazama alama ya buti langu, shubiri moja tu kutoka kwenye majani, na hakuna aliyeweza kwenda kuifuta.